Gari linakita, linadunda, linalala: tafuta chanzo kabla ya kununua springi

Toyota IST yangu ilikuwa inakita kila nikivuka tuta la kuingilia mtaani kwetu, Goba. Asubuhi ikitoka, jioni ikirudi, kitu kinagonga chini kama mtu anatwanga sakafu kwa nyundo. Fundi akachungulia dakika mbili, akanyanyuka. "Bosi, springi zimechoka hizi. Tunakuwekea raba, unasahau." Akachukua raba mbili nyeusi zenye mfereji, akazisukumia katikati ya koili za springi za mbele, nikamlipa. Gari likainuka karibu sentimita mbili na kweli likaacha kukita. Lakini likaanza kurukaruka kwenye rasta za barabara ya Morogoro hadi usukani unanichezea mkononi, na miezi minne baadaye springi ya kushoto ikakatika palepale juu ya raba. Nilipofumua ndipo nikaona kosa lilikokuwa tangu mwanzo: bampu stopu, zile raba fupi zinazopokea shokapu ikifika mwisho wa safari yake, zilikuwa zimesagika unga mtupu. Springi zangu zilikuwa nzima kabla ya ile raba kuwekwa.

Tangu hapo sinunui springi, wala simshauri mtu anunue, kabla ya kujua nani mkosaji. Kwenye miguu ya gari kuna wafanyakazi kadhaa, na kila mmoja ana kazi yake. Springi inabeba uzito na kuamua gari litikisike haraka au polepole. Shokapu haibebi gari hata kidogo. Kazi yake ni kuzima mtikisiko ambao springi imeuanzisha. Stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, inapunguza gari kulala kwenye kona. Bushi zinashika vyuma mahali pake. Tairi nalo ni springi, tena ndilo la kwanza kukutana na shimo. Akilegea mmoja, lawama hupewa springi kwa sababu ndiyo inayoonekana ukiinama.

Vipimo vya nusu saa

Anza na upepo. Kibandiko cha kiwango kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa magari mengi madogo utakuta 30 hadi 35 PSI. Vijana wa upepo wengi hupenda kujaza 40 "ili tairi lisilike", na wewe unarudi nyumbani ukidhani springi ni ngumu. Pima tairi likiwa la baridi, kwa geji yako mwenyewe.

Kisha chukua tepu. Egesha gari kwenye sakafu iliyonyooka, buti tupu, kisha pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne. Usipimie kutoka chini ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Andika namba nne kwenye karatasi, uihifadhi ndani ya gari. Ukibadilisha chochote baadaye, hiyo karatasi ndiyo shahidi wako. Kulia na kushoto wakipishana zaidi ya sentimita moja na nusu, kuna jambo la kutafuta.

Kukandamiza kona ya gari kwa mkono na kuiachia kunasaidia kiasi. Ikipanda, ikashuka na kutulia, shokapu bado ina uhai. Ikiendelea kucheza, imekufa. Lakini mkono unaisukuma shokapu taratibu, barabara inaipiga ghafla, kwa hiyo shokapu inaweza kufaulu mtihani wa mkono na kufeli kwenye lami. Angalia pia mwili wake: vumbi kavu halina neno, vumbi lililoshikana na mafuta hadi likawa tope jeusi maana yake sili imepasuka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinagharimu shilingi mia chache. Chukua kebo tai, ile kamba ya plastiki ya kubania nyaya, ifunge kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, ibane kiasi cha kuteleza kwa shida. Kama kuna kifuniko cha raba, kipandishe kwanza. Isukume kebo tai hadi ikae juu ya mdomo wa shokapu, kisha endesha njia zako za kila siku, na tuta lenu baya likiwemo. Ukirudi, kebo tai itakuwa imesimama pale shokapu ilipofikia mwisho wa kujikunja. Ikiwa imebanwa hadi kwenye bampu stopu kwa safari ya kawaida, gari linamaliza safari ya springi. Ikiwa imebaki mbali sana, theluthi nzima ya safari haijaguswa hata kwenye tuta kubwa, springi ni ngumu kuliko mahitaji yako.

Linakita likipita tuta

Angalia bampu stopu kwanza, kwa macho, sio kwa kuambiwa. Baada ya hapo rudi kwenye karatasi ya vipimo. Kama urefu ni sawa na gari jingine la aina hiyo lililo zima, springi haijachoka. Shuku stopu, shokapu au mzigo. Kama gari limeshuka sentimita mbili au tatu pande zote mbili za ekseli, springi zimelala.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi wa siku nyingi. Springi iliyolala haijawa laini. Ugumu wa springi unatokana na aina ya chuma, unene wa waya, upana wa koili na idadi ya koili, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika kwa uzee, labda kutu ikiwa imekula waya. Kilichopotea ni urefu. Kwa hiyo tiba ya springi iliyolala ni springi mpya yenye ugumu uleule wa kiwandani. Anayenunua ngumu zaidi ili "isilale tena" anatibu ugonjwa ambao gari halina, na ataulipia kila siku mgongoni.

Spesa, kipande cha kuinulia gari kinachowekwa juu au chini ya springi, nayo inainua bodi bila kuongeza ugumu, kwa hiyo watu wengi wameiweka na hawajajuta. Shida yake iko kwingine. Ikiwekwa juu ya shokapu ya mbele, gurudumu linaning'inia chini zaidi kuliko lilivyokusudiwa, na CV jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, inafanya kazi ikiwa imepinda. Sentimita mbili mara nyingi zinavumilika. Tano ni kuita matatizo, na alaimenti ni lazima kwa vyovyote.

Raba ya katikati ya koili, ile niliyowekewa mimi, ni kitu kingine kabisa. Inafunga koili mbili zisicheze, springi inabaki na koili chache za kufanya kazi, inakuwa ngumu, na nguvu yote inajikusanya kwenye koili zilizobaki.

Linatikisa kama mkokoteni

Malalamiko haya huja sana kwa walioshusha gari. Mtu anasema springi za kushushia ni ngumu mno, kumbe mara nyingi hata hazijapata nafasi ya kufanya kazi: gari limekaa chini kiasi kwamba bampu stopu inaguswa kwenye kila kokoto. Unaendeshea raba. Kebo tai itakuonyesha hilo siku ya kwanza. Dawa ni kupandisha, au kutafuta shokapu fupi na stopu fupi zinazolingana na springi hizo.

Chanzo cha pili hakisemwi na mtu, na kinasababishwa gereji. Bushi za wishiboni, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, ni raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Ukiikaza bolti yake gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, bushi inajishika katika mkao huo. Ukishusha gari, raba inajisokota, na inabaki imejisokota maisha yake yote. Sasa umeongeza springi ya raba ambayo hukuinunua: gari linakaa juu kidogo, linakuwa gumu, na bushi mpya zinachanika baada ya miezi michache, halafu muuza spea anaambiwa amekuuzia feki. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, juu ya ramp au shimo, au fundi ainue mkono wa chini kwa jeki hadi ufike kwenye ule urefu ulioandika kwenye karatasi. Simama hapo umwangalie. Hii haimchukui hata dakika tano zaidi.

Ukishaondoa hayo mawili, pamoja na upepo na tairi zenye ukuta mwembamba, ndipo useme springi ni ngumu.

Linadunda, halitulii

Kama springi ni za kiwandani, ni shokapu. Kama umebadilisha springi ukaacha shokapu za zamani, bado ni shokapu, ila kwa sababu nyingine: springi ngumu inarudisha nguvu zaidi, na shokapu iliyotosha springi laini sasa imezidiwa. Ndiyo maana gari lenye springi ngumu na shokapu chovu linapoteza raha na uimara kwa pamoja. Tairi linaruka badala ya kushika lami, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani.

Kuna kudunda kwa aina nyingine: pua inainuka, mkia unashuka, halafu kinyume chake, kama ngalawa inayokatisha mawimbi. Abiria wa nyuma ndio wanaotapika. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, alilishughulikia hili kwa majaribio miaka ya 1930. Gari lenye mita 2.4 kati ya ekseli, likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu la nyuma linafika kwenye bonde sekunde 0.1 baada ya la mbele. Mbele kumeshaanza kutikisika, nyuma ndiyo kwanza kunaanza. Ukiifanya springi ya nyuma itikisike haraka kidogo kuliko ya mbele, mkia unaiwahi pua, na bodi inapanda na kushuka ikiwa sawa badala ya kupepesuka. Wanaofunga springi ngumu mbele peke yake, kwa sababu ya bampa la chuma au kwa sababu tu zilipatikana mbele, wanageuza mpango huo juu chini.

Linalala sana kwenye kona

Tikisa linki za stabilaiza kwa mkono kabla ya kufikiria springi. Ni spea ndogo, rahisi, na zikikatika gari linalala kama halijawahi kuwa na stabilaiza. Halafu tazama juu ya paa: keria yenye magunia inapandisha uzito, na uzito ulio juu ndio unaolilaza gari.

Springi ngumu itapunguza kulala, ni kweli. Haitapunguza uzito unaohamia magurudumu ya nje; huo unaamuliwa na mwendo wako, upana wa gari na kimo cha uzito wake. Dereva akishuka mlima Kitonga na springi mpya ngumu anajisikia salama kwa sababu bodi imenyooka, wakati tairi za nje zimebeba mzigo uleule wa jana. Mimi hilo linanitisha zaidi ya gari linalolala kidogo, maana linalolala linakuonya.

Kwa gari la kawaida linalobeba familia, stabilaiza nene kidogo pamoja na shokapu nzuri ni njia bora kuliko springi ngumu. Stabilaiza haijihusishi na tuta linalopitwa na magurudumu yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo raha inabaki. Badilisha ekseli moja kwa wakati, mbele au nyuma, ila ujue matokeo yake. Ukiongeza ugumu mbele tu, pua itapenda kwenda moja kwa moja wakati unakata kona; ukiongeza nyuma tu, mkia utaanza kuchomoka, na mvua ikinyesha hutakuwa na muda wa kushangaa.

Limeegemea upande mmoja

Kona iliyoshuka si lazima iwe yenye kosa. Springi ya mbele kulia ikivunjika, gari linaweza kuonekana limeinama hata nyuma. Fungua linki za stabilaiza, pima upya, kisha chunguza koili ya chini kabisa kwa tochi, pale inapokaa kwenye sahani yake. Maji na tope hukaa hapo, kutu inaanzia hapo, na kipande kilichokatika kinaweza kubaki mahali pake kimejificha miezi kadhaa. Kikichomoka kinachana tairi. Mlio wa "tang!" unapozungusha usukani gari limesimama mara nyingi ni beringi ya mauntingi ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi, imekwama, springi inajisokota na kujiachia.

Springi hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli. Baadhi ya magari makubwa ya Toyota yana springi za kulia na kushoto zenye urefu tofauti toka kiwandani, kwa hiyo soma namba ya spea kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Nyuma kunashuka likibeba

Chukua gari la mizigo midogo, Probox au mfano wake. Tuseme kila springi ya nyuma ina ugumu wa nyutoni 25 kwa milimita (uzito wa kilo moja ni karibu nyutoni 10) na inabeba kilo 220 gari likiwa tupu. Bodi inatikisika kama mara 1.7 kwa sekunde: gumu kidogo, ila linavumilika. Weka kilo 400 nyuma, 200 kila upande. Gari linashuka milimita 78, karibu sentimita nane, na mtikisiko unapungua hadi mara 1.2. Mkia sasa unatikisika polepole kuliko pua, na ile ngalawa ya Olley imerudi.

Suali la kujiuliza ni hili: siku ngapi kwa wiki unabeba kilo hizo? Anayebeba kila siku afunge springi ngumu bila kuona haya. Anayebeba mara moja kwa mwezi avumilie siku hiyo, apunguze mwendo. Wa katikati atafute springi ambayo koili zake zimebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine: zilizobanana zinagusana kwanza mzigo ukiongezeka, zilizoachana zinabaki kufanya kazi, na ugumu unapanda wenyewe. Pikapu na Hiace zenye springi za majani hali yake ni hiyohiyo; kuongeza jani ni kuongeza ugumu siku zote, hata ukiwa umebeba begi la mtoto tu. Mbele ya Hiace za kizazi cha 200 kuna toshenibaa, chuma kinachojisokota badala ya koili, na bolti yake ya kurekebishia inainua gari bila kuongeza ugumu. Ukiona Hiace iliyokazwa pale ikawa inagonga, ujue gurudumu halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo.

Ukifika dukani

Springi nyingi za mtumba hazina maandishi yanayosomeka, zimebaki na alama ya rangi tu. Nenda na kipimo cha vanie, kile cha kupimia unene kwa usahihi. Pima unene wa waya na upana wa nje wa koili kwa milimita, toa unene kwenye upana upate kipenyo cha kati, hesabu koili zinazofanya kazi ukiacha zile zilizolala kwenye sahani juu na chini. Kisha, 79,000 ikiwa ni namba ya ugumu wa chuma chenyewe: 79,000 mara unene mara unene mara unene mara unene, gawanya kwa 8 mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara idadi ya koili. Waya wa milimita 12, kipenyo 120, koili 5, unapata karibu nyutoni 24 kwa milimita. Kilo 100 zitaishusha sentimita nne. Shika springi nyingine inayofanana nayo kwa macho, ila waya wake ni milimita 13. Hiyo ni karibu 33. Milimita moja ambayo jicho halioni imeongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi. Kukata koili moja kati ya tano kunaongeza robo, na ukikata kwa moto wa gesi umeua chuma chenyewe.

Ugumu huo uufasirie kwa gari lako. Kona yenye kilo 300 juu ya springi ya 24 inatikisika mara 1.4 kwa sekunde. Juu ya 33, mara 1.66. Magari ya kustarehe hukaa kati ya 1 na 1.5, yenye mwelekeo wa spoti hufika 2. Hesabu hii inakaribia ukweli pale springi ilipokaa juu ya shokapu karibu na gurudumu. Ikiwa imekaa katikati ya mkono, nusu ya umbali, gurudumu linahisi robo tu ya ugumu wake, ndiyo maana springi ya Prado huwezi kuilinganisha na ya IST kwa namba tupu.

IST yangu niliirudishia springi zenye waya na koili sawa na za zamani, shokapu mpya, stopu mpya, bushi zikakazwa gari likiwa limekaa chini. Spesa sikuweka. Jioni hiyohiyo nikapita tuta la Goba na kebo tai mpya kwenye fimbo. Nilipofika nyumbani nikakuta imesimama sentimita mbili kabla ya stopu.